Mize, Mwosha Maiti wa Aston, na Kifo cha Bibi Avelina

Watu wengi wa Birmingham walimjua Mize kwa kazi moja tu. Mwanamke wa Kiislamu akifariki, awe Mzanzibari, Mmombasa, Msomali wa Nairobi au Mkongo aliyesilimu, simu ya kwanza ilipigwa kwa jamaa na ya pili kwa Mize aje amwoshe. Kazi yake nyingine, ile iliyompa mkate, waliijua wachache, na walioisikia hawakuiamini. Mize alikuwa akiwahadithia Waingereza habari za mabwana na mabibi zao wakubwa wa miaka mia sita na zaidi nyuma, na namna walivyokufa.

Msicheke. Hata mimi aliponiambia mara ya kwanza nilimjibu, "Mize, wacha kunifanya mtoto."

Ametoka Unguja, Mkunazini. Alikuja huku mwaka 1989 kumfuata mume, mume akafariki, naye akabaki Aston katika nyumba zile za safu, kati ya mlango wake na wangu kuna milango mitatu. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka tisa, na ndiyo maana akiniita Da Shemsa mbele za watu, hata tukiwa tumegombana. Shule nimesoma mpaka darasa la nane, lakini darasa la nane la wakati wetu lilikuwa darasa kweli, na nilichokiona kwa macho yangu sikisahau. Haya ninayoyaandika niliyaona, au Mize kanihadithia mwenyewe.

Mwaka 2001 Mize alipata kazi ya kufagia katika nyumba moja kongwe nje kidogo ya mji, ikiitwa Thornlea. Nyumba ya mawe, madirisha madogo, ngazi nyembamba inayozunguka kama ya mnara wa msikiti. Watu hulipa kiingilio kuja kuitazama, na wazee wa Kiingereza wanaojitolea huwatembeza chumba kwa chumba. Mkubwa wao alikuwa Bi Gertrude wa Harborne, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mwalimu. Miaka sita Mize alisugua sakafu ile, mikono inafanya kazi na masikio yanasikiliza. Alisikia maswali yale yale ya wageni na majibu yale yale ya Gertrude, mpaka yakamkaa kichwani kama dua.

Siku moja Gertrude akaja na mafua, sauti imekwenda zake. Wageni arobaini wamejaa ukumbini. Bwana mmoja akauliza kama ni kweli wakubwa wa zamani walikuwa wakilishana sumu kila siku. Gertrude akafungua mdomo, pakatoka upepo. Mize alikuwa amepiga magoti anapangusa ngazi, na kitambaa mkononi. Akajibu kwa Kiingereza chake, polepole, bila ya kuinuka.

"Sumu waliisingizia sana. Maji yao machafu, nyama yao imelala siku tatu, mtu akiharisha akafa wanasema kapewa kitu. Hapakuwa na daktari wa kupasua na kutazama. Lakini mkitaka kujua kwa nini walishukiana, msiulize marehemu kala nini. Ulizeni nani karithi."

Watu wakageuka wote. Anasema mpaka leo hajapata kuona macho mengi ya buluu yamemtumbulia kwa pamoja vile. Mfagizi, mtandio mweusi, kitambaa cha vumbi mkononi, anawaambia habari za wazee wao! Wakauliza jingine, akajibu. Wakauliza kama wale watoto wawili wa mfalme waliopotea mnarani waliuawa na ami yao, akasema, "Hakuna ajuaye, na anayekwambia anajua anataka kukuuzia kitabu." Wakacheka. Wiki ya pili Gertrude mwenyewe akamletea beji yenye jina lake.

Basi kile walichokuja kukisikia hasa pale Thornlea kilikuwa kifo cha Bibi Avelina, mke wa mwenye nyumba, bwana mkubwa aliyeitwa Sa Godfrey, mwaka 1352. Alikutwa chini ya ngazi ile nyembamba, shingo imevunjika. Sa Godfrey alisema ameteleza. Miezi mitatu haijesha, akaoa mjane mwenye mashamba. Mize alikuwa akinihadithia jikoni kwangu huku tunachambua mchele, na mimi nikishika kichwa kwa mshangao.

"Na serikali yao ilikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Ilikuwapo, Da Shemsa. Mfalme alikuwa na mkaguzi wa vifo kila jimbo. Mtu akifa ghafla, wa kwanza kumwona lazima apige ukelele majirani watoke. Asipopiga, anatozwa faini. Na maiti hazikwi mpaka mkaguzi aje. Anavuliwa nguo mbele ya watu kumi na wawili, wanamtazama jeraha kwa jeraha."

"Mwanamke? Mbele ya wanaume kumi na wawili? Astaghfirullah!"

"Mwanamke. Lakini Avelina hakutazamwa. Mkaguzi alipofika alikuta keshaoshwa, keshashonewa sanda. Wale kumi na wawili wote wapangaji wa Sa Godfrey. Wakaitazama sanda, wakasema ameteleza, wakaenda kula."

Nilidhani ni hadithi ya Wazungu, imekwisha. Sikujua itanifika mlangoni.

Oktoba mwaka 2008, siku ya Jumamosi, Mize akapigiwa simu. Amefariki Bi Barwako wa Shard End, Msomali aliyelelewa Nairobi, mwanamke wa miaka sitini na sita, mcheshi, Kiswahili chake cha Eastleigh kikituchekesha harusini. Alikuwa na moyo mbovu na sukari. Daktari alikuwa amemtembelea Jumatano, kwa hiyo alipoambiwa Jumamosi asubuhi kuwa mgonjwa wake amelala hakuamka, alikwenda, akatazama, akaandika moyo. Aliyempigia daktari simu alikuwa Hillow, mtoto wa kaka yake Barwako, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akikaa naye na kumtunza. Kijana mpole. Mwezi wa Ramadhani uliopita yeye ndiye aliyekuwa akituletea tende upande wa wanawake, macho chini. Bintiye wa pekee Barwako, Fardowsa, alikuwa Uholanzi, Rotterdam. Ofisi ya vyeti imefungwa mpaka Jumatatu, basi ikapangwa aoshwe siku ile ile na azikwe Jumatatu baada ya adhuhuri.

Chumba cha kuoshea kiko nyuma ya msikiti, na siku ile kulikuwa na mpira. Uwanja uko karibu, na kila timu ikikaribia goli ukuta mzima unavuma. Tulikuwa wawili tu. Mize anaosha, mimi namimina maji. Nimemsaidia kazi hii miaka kumi na mmoja na najua mikono yake inavyokwenda, haikatiki, kama mtu anayesali. Siku ile ikakatika.

Alikuwa amemgeuza ubavu. Kwenye mkono wa juu, chini kidogo ya bega, kulikuwa na alama nne za buluu upande mmoja na moja upande wa pili. Mkono wa pili vile vile. Nyuma ya kichwa, alipopitisha vidole kufungua nywele, akasimama. Akanishika mkono wangu, akauweka pale. Palikuwa panabonyea.

Uwanjani watu wakapiga kelele, goli.

Mize akanitazama. Na mimi, niliye mkubwa, niliyemfundisha yeye kazi hii, nikasema neno nililofundishwa na mama yangu, na mama yangu na mama yake.

"Sitiri, Mize."

Kwetu mwosha ana amri hiyo. Ukiona kovu, ukiona kilema, ukiona uso umebadilika, umeona peke yako. Hutoki nalo mlangoni. Mwosha anayesema si mwosha, ni mtangazaji. Mize akainamisha kichwa. Tukamaliza kumwosha, tukamkafini, tukampaka kafuri. Tulipotoka Hillow alikuwa amesimama nje, macho mekundu. Akatupa mkononi kila mmoja kitambaa kipya kizuri cha Kisomali, laini, chenye maua ya dhahabu. "Mama zangu, Mungu awalipe," akasema. Hakuna ubaya hapo. Kwetu mwosha hupewa nguo, ni ada. Tukapokea.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni kwake Mize akaniambia tu, "Kesho nina zamu Thornlea. Njoo nami, Da Shemsa. Sitaki kwenda peke yangu." Miaka yote ile sijawahi kukanyaga pale. Nikakubali.

Jumapili wageni walikuwa wengi. Gertrude akanikalisha kiti chini ya ngazi, akaniletea chai ya maziwa baridi, nikamshukuru nikaiacha. Katika kundi la Mize kulikuwa na wanawake wa Kihindi kama kumi, wazee, wamevaa makoti juu ya sari. Mmoja wao, mfupi, ana miwani mikubwa, wenzake wakimwita Rajni. Mize akaeleza ngazi, akaeleza Avelina alivyokutwa, wapangaji kumi na wawili, mkaguzi aliyetazama sanda. Sauti yake siku ile ilikuwa nyembamba. Watu wakauliza yao. Je, ngazi ni ile ile? La, hii imejengwa upya. Je, Sa Godfrey alishtakiwa? La, alikufa kitandani, mzee.

Yule Rajni akainua mkono, halafu akatabasamu, na kwa Kiswahili cha Kisumu, kama tumekutana sokoni, akasema:

"Mama, nimejua wewe ni wa kwetu kwa hiyo sauti. Hebu niambie. Yule alimwosha, hakuona kitu?"

Wallahi nilihisi kiti kimeondoka chini yangu. Watu arobaini pale, wanaoelewa ni watatu tu.

Mize alishika ukuta. Wenzake Rajni wakawa wanamsuta kwa Kiingereza, "Unamuuliza nini mama wa watu, mpaka amebadilika rangi?" Naye Rajni akashtuka, "Nimekosea? Pole, mama, mimi ni nesi mstaafu, nauliza tu. Mwili unasema, si ndiyo?"

Mize akajibu kwa Kiingereza, kwa sababu wageni wengine walikuwa wanangoja. Akasema aliyemwosha Avelina anatajwa katika hati moja ya nyumba, jina lake Alis. Kwamba hakuna aliyemuuliza kitu. Kwamba baada ya maziko nyumba ilimpa Alis kitambaa cha sufu, yadi nne, rangi ya kijani.

"Aaaa!" wageni wakafanya, kama wanavyofanya siku zote, kwa raha. Kwao ni miaka mia sita.

Mize akavua beji, akamwekea Gertrude mkononi, akaja kunishika mkono, tukatoka mpaka bustanini. Akakaa kwenye ukuta wa mawe. Na hapo ndipo tulipogombana kuliko siku yoyote ya maisha yetu.

"Nakwenda polisi," akasema.

"Umerogwa! Utamvua Barwako nguo mbele ya wanaume? Watampasua! Wewe mwenyewe uliniambia habari za wale kumi na wawili, ukasema aibu."

"Sikusema aibu. Wewe ndiye uliyesema."

"Na kama ameanguka tu? Mgonjwa yule, damu yake nyepesi kwa dawa, ukimgusa anapata alama."

"Ikiwa ameanguka watasema ameanguka. Vidole vinne na dole gumba, Da Shemsa. Mikono yote miwili. Nani anaanguka hivyo?"

"Tumeapa kusitiri."

"Kumsitiri nani?"

Yeye akaendelea, analia na kamasi zinamtoka, hajali Wazungu wanaopita na watoto wao.

"Tunasitiri aibu ya maiti. Kilema chake, kovu lake, lile ambalo angelificha mwenyewe angekuwa hai. Zile alama si zake. Ni za mtu mwingine, amemwachia mwilini. Barwako angekuwa hai angezificha? Mwanamke yule, mdomo ule? Angepiga kelele mpaka mtaa wote utoke. Sasa hawezi. Sisi ndio wa kwanza tulioona, na hatukupiga ukelele. Tumepewa kitambaa, tukapokea."

Nina kiburi, watoto wangu wanasema, na kweli ninacho. Si rahisi kwangu kuandika kuwa mdogo wangu ndiye aliyekuwa na haki. Nilikaa palepale juu ya jiwe la baridi. Nilikiona akilini kile kitambaa changu nilivyokikunja vizuri jana yake na kukiweka kabatini, na nilivyokwisha kuwaza atakayenishonea. Nikasema, "Twende wote. Wakiuliza nani alisema sitiri, nitasema mimi."

Tulipanda basi mpaka kituo cha polisi, na njiani tukapitia nyumbani kuchukua vile vitambaa, tukawakabidhi. Askari wa kaunta alikuwa binti mdogo, akadhani tumepotea. Mize akamwambia, "Mimi naosha wafu. Kesho saa saba wanazika mwanamke, na msipozuia itakuwa mmechelewa." Yule binti akaweka kalamu chini. Akatuita ndani. Tuliulizwa mbalimbali, kila mmoja chumba chake, na mimi nilionyesha kwa mkono wangu mwenyewe kwenye mkono wa askari: hapa vinne, hapa kimoja. Alipotazama vidole vyangu vilivyomkaa, akashika simu.

Jumatatu watu walifika makaburini, hakuna maiti. Simu zilizopigwa siku ile! Mmoja wa kamati ya msikiti aliniambia, "Bi Shemsa, wewe mtu mzima, umewaacha makafiri wamchukue mama wa watu wamchane?" Mwanamke mmoja, na sitamtaja kwa kuwa nilimpikia harusi ya bintiye, akamwambia Mize kwa simu, "Nikifa mimi, usiguse mwili wangu. Bora nioshwe na mvua." Vijana wakasema Waswahili tumewauza Wasomali kwa polisi. Hillow akaja mpaka mlangoni kwa Mize, mchana kweupe, analia, anasema, "Mama Mize, nimewakosea nini?" Akamwangalia usoni vile, kwa upole ule ule, na Mize akaniambia baadaye kuwa dakika ile alijiona mwovu kuliko watu wote wa dunia. Alimwambia, "Kama hukukosa, mwanangu, mimi nitakuja kukuangukia miguuni mbele ya msikiti mzima." Akafunga mlango. Wiki ile hakula kitu cha maana. Nilimpelekea uji, nikaukuta asubuhi umeganda.

Siku ya nne mkaguzi wa vifo alitoa taarifa. Kila neno lake lilikuwa kama kofi. Moyo wa Barwako ulikuwa mgonjwa, lakini haukumuua. Fuvu lilipasuka nyuma, damu ikajaa ndani. Na mkononi kulikuwa na alama za zamani chini ya zile mpya. Za zamani! Sisi tumekaa naye harusini, anatuchekesha, mikono mirefu ya dira, lile gauni lake la Kisomali, imefika viganjani, hakuna aliyewaza.

Hillow hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema Barwako alikuwa ameamua kuhamia kwa bintiye Rotterdam na kurudisha nyumba kwa baraza la mji lililompangisha, naye Hillow angebaki hana pa kukaa. Waligombana bafuni. Alimshika, akamtikisa, akamwachia. Kichwa kikapiga ukingo wa beseni la kuogea. Akambeba, akamlaza, akamfunika mpaka kidevuni, akakaa mpaka asubuhi. Mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu kwa kuua bila kukusudia. Hata siku ile ya hukumu walikuwako waliosema kijana yule hawezi, tende alikuwa akileta yeye.

Lakini kabla ya kesi, siku ya kumi na mbili, mwili ulirudishwa. Swali likawa nani ataosha. Waosha wengine wawili wa mji walisema wanaumwa. Mwili uliopasuliwa si kazi nyepesi, na hakuna aliyetaka jina lake litajwe pamoja na la Mize. Kamati ikatafuta mtu kutoka Leicester. Ndipo Fardowsa alipowasili kutoka Rotterdam, mwanamke wa miaka arobaini, koti refu, macho yamevimba. Akaingia katika mkutano wa wanaume bila kubisha, akasema, "Yule aliyeona. Namtaka yeye."

Mimi nilikuwa nimekwisha kujiambia kuwa atatutukana, maana damu ni damu, na Hillow ni mtoto wa mjomba wake. Tukaingia chumbani nyuma ya msikiti, siku ya kazi, uwanja kimya, unasikia maji tu yanajaa ndoo. Mize anavaa glavu, hapandishi macho. Fardowsa akasimama mlangoni, koti bado hajavua.

"Mama Mize," akasema, "mimi nilimpigia simu kila Ijumaa. Aliniambia mkono unamuuma. Mara tatu aliniambia. Nikamwambia ni baridi ya huko, avae sweta."

Mize akaenda akamvua koti, akalitundika, akamkunja mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko kama mtoto anayepelekwa kutawadha, akampa kata ya maji niliyoishika mimi miaka kumi na mmoja.

"Mimina taratibu, mwanangu," akamwambia. "Tunaanza upande wa kulia."